Amani Kwanza, Mabao Baadaye

Simu ilinikuta namimina maziwa. Mama yangu anauza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa, na asubuhi ile nilikuwa nimemshikia nafasi aende kumjulia hali mgonjwa. Kwenye simu alikuwa mwanamke mwenye Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Akasema anapiga kutoka gazeti moja la Nairobi, kwamba ombi langu la kazi ya uandishi wa michezo wamelisoma, na kwamba wananiita kwa mahojiano siku ya Alhamisi. Nikasema ndiyo, nikasema naam, nikasema inshallah, nikasema ndiyo tena, na wakati wote huo maziwa yalikuwa yameshajaa chupa ya mteja, yakapitiliza, yakaanza kummwagikia kiatuni. Mteja mwenyewe alikuwa mzee wa watu na heshima zake. Aliniangalia usoni, akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

"Hapana," nikamwambia, "nimeitwa!"

Hakuuliza nimeitwa wapi. Alikung'uta kiatu, akachukua chupa yake na kuondoka, na nadhani tangu siku hiyo hununua maziwa kwa mama mwingine.

Niseme wazi: nilikuwa naitaka kazi hiyo kama mbuzi anavyotaka chumvi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu hapa hapa mjini, nikakaa nyumbani muda wa kutosha watu kuanza kuniuliza "Bado?" kwa sauti ile ya huruma inayoudhi kuliko matusi. Niliandika habari za mechi za mitaani kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, bure bilashi, kwa wasomaji ambao wengi wao walikuwa wachezaji wenyewe wakitafuta majina yao. Na nilikuwa na mapatano na Mama. Mwezi ukiisha sijapata kazi, naenda Rhamu, kule Mandera, nikamsaidie dada yake kuendesha duka. Huyo mama mdogo ni mtu mwema na duka lake ni zuri, lina hata friji. Lakini mimi nikijiwaza nyuma ya kaunta nikipima sukari, huku vijana wanacheza mpira kando ya mto na hakuna anayeandika neno, nilikuwa natuma ombi jingine la kazi. Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha. Alhamisi ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Mama aliporudi nilimwachia kiti, nikakimbia nyumbani kwa miguu. Tuktuk ziliniita njia nzima, lakini niliziona zinakwenda polepole mno. Uani nilimkuta Ayeeyo, bibi yangu, mzaa mama, ameketi kivulini anasuka mkeka.

"Ayeeyo!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Nimepata—"

Akainua mkono. "Amani?"

Ikabidi nisimame palepale, nikihema. Kwetu habari ina mpango wake. Mtu akitoka mahali, hata kama ametoka sokoni tu, huulizwa habari, naye huitoa kwa utaratibu. Kwanza amani. Halafu mvua, malisho, mifugo, kisha watu na afya zao. Lile zito lenyewe, liwe furaha au msiba, hukaa mwisho, msikilizaji akiwa ameshaketi na ikiwezekana ameshikishwa kikombe cha chai. Wachungaji hawakuutunga mpango huu kwa mchezo. Anayerukia msiba kwanza humfanya mwenzake asahau kuuliza maji yako wapi, na huku kwetu maji ndiyo roho. Ayeeyo alizaliwa pande za Kutulo nyuma ya ngamia wa baba yake, na mpaka leo ukimkatia mpango huo anakuona kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Amani, Ayeeyo."

"Sokoni?"

"Kuna watu."

"Mama yako?"

"Mzima."

"Maziwa?"

"Mengine yamemwagika."

"Haya. Sasa sema."

Nikasema. Ayeeyo aliacha kusuka. Akamshukuru Mungu, akanivuta kichwa akanibusu, kisha akauliza swali ambalo mimi katika wazimu wangu sikuwa nimejiuliza: "Sasa wewe utawaambia nini?"

Ayeeyo hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira. Lakini tangu nikiwa mtoto, kila nikirudi kutoka kuchungulia mechi kwenye ua wa miiba, ilikuwa lazima nimpe habari. Amani, Ayeeyo, leo hakuna aliyepigana. Jua lilikuwa kali, upepo ulitoka upande wa mtoni. Uwanja mkavu, na korongo mmoja, wale wenye vipara wanaokaa jalalani, alisimama golini akakataa kutoka mpaka refa mwenyewe akaenda kumfukuza. Ndipo nifike kwa wachezaji, na mwisho kabisa mabao. Alikuwa msikilizaji mgumu huyu mwanamke. Nikisema winga alikimbia, ataniuliza alikimbia kama mtu aliyekula au kama mtu mwenye njaa. Basi siku iliyofuata nilimwangalia winga vizuri zaidi. Wengine walijifunza kuandika shuleni. Mimi nilijifunzia kwenye mkeka ule, na sioni haya kusema hivyo.

Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa inajiandaa kwa mahojiano, kana kwamba tumeitwa sote. Abti, ndugu yake Mama, ambaye anauza vipuri vya magari na amekuwa akiwafokea marefa tangu ujana wake, alijiteua kuwa kocha wangu. Akaweka kiti katikati ya ua, akavaa koti ambalo huvaa siku za arusi, na akaagiza kwamba kuanzia sasa tutaongea Kiswahili tu, maana gazeti ni la Kiswahili, ingawa kinywani mwake p hugeuka b na v hugeuka f.

"Kaa chini, abti," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, yeye ni abti wangu nami ni abti wake. "Sasa mimi ni bosi. Jifanye hunijui."

"Shikamoo, bosi."

"Nairobi hakuna shikamoo. Endelea. Kwa nini sisi tukube hii kazi?"

"Kwa sababu naipenda michezo kwa moyo wote."

"Kila mtu nabenda. Hata mimi nabenda. Na usicheka sana, utakaa kama mtu ya kuuza laini ya simu. Ingine: kuotea ni nini?"

Nikamwekea kandambili mbili kuwa mabeki, kijiko kuwa mshambuliaji na kibakuli cha sukari kuwa mpira, nikamweleza mpaka mwisho. Abti aliinama juu ya kandambili zile muda mrefu.

"Kwa hifyo ule refa wa fainali, ile alikataa bao yetu..."

"Alikuwa sawa, Abti."

"Na ule mwingine?"

"Naye pia."

Akajiegemeza kitini kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyokulia haikuwa yao. "Hiyo," akasema baadaye, "usiseme kwa intafiu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizo nilicheka kwa kila kitu. Chakula hakikushuka, miguu haikutulia, nikikaa nasimama, nikisimama naimba. Nilikuwa na furaha na hofu zimechanganyika kiasi kwamba nisingeweza kukuambia ipi ni ipi.

Aliyenipunguza kasi ni rafiki yangu wa chuo ambaye siku hizi yuko redioni Nairobi. Nilimpigia kumuuliza watu wa magazeti huuliza nini. Akaniambia kwamba siku hizi hawaulizi sana, wanakuonyesha kipande cha mechi, halafu wanakupa dakika moja utoe ripoti kwa mdomo. "Nitumie moja nikusikie," akasema. Basi Jumanne baada ya sala ya alasiri nilikwenda uwanjani, timu mbili za mtaa zikacheza kwenye vumbi kama wanapigania urithi, na kipenga cha mwisho kilipolia nikajirekodi kwa dakika moja. Niliona nimeongea vizuri. Niliona nimeongea vizuri sana. Nikamtumia, nikasubiri sifa.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Wewe, umeongea dakika nzima na bado sijui nani alishinda."

Nikaisikiliza ile rekodi upya. Nilikuwa nimeanza na utulivu wa mashabiki, nikaenda kwenye joto na wingu dogo lililosogea toka upande wa kaskazini, nikaeleza hali ya uwanja, nikamsifu kipa aliyecheza na bandeji kifundoni, na dakika ikaisha nikiwa ndiyo kwanza naingia kipindi cha pili. Nilikuwa nimempa habari Ayeeyo. Mhariri wa Nairobi angeshalala.

"Matokeo kwanza," rafiki yangu akaniambia tulipoongea. "Sentensi ya kwanza. Hayo mawingu yako baadaye, kama nafasi itabaki."

Mazoea yana taabu, na mimi nilikuwa na siku moja tu ya kuyang'oa. Nikaamua kwamba kuanzia asubuhi ya Jumatano kila nitakaloulizwa nitajibu kwa matokeo kwanza. Mama akiuliza mkaa uko wapi, nilijibu: "Umekwisha! Ulikuwa kidogo tangu jana, na Abti alichemsha chai mara mbili." Abti akiuliza nimelala vipi: "Vibaya! Nimeota refa." Mambo yalikwenda vizuri, nikaanza kujiona mwandishi, mpaka alipoingia jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ana presha na ambaye hatoki kwake ila kuna jambo. Akaketi pembeni ya Ayeeyo, akavuta pumzi, akauliza nyumba hii ina habari gani.

"Amekufa!" nikasema kwa sauti ya redioni.

Yule mama alishika kifua. Ayeeyo alidondosha mkeka. Nami, kwa kuwa mazoezi ni mazoezi, nikaendelea kwamba marehemu ni beberu wa Abti, aliyekula mfuko wa plastiki karibu na jalala, na kwamba kifo hicho kimetokea usiku bila mateso. Lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Walikuwa wanampepea jirani kwa kipande cha katoni na Mama anakuja mbio na maji.

Alipoondoka, akiwa mzima lakini amenuna, Ayeeyo aliniita. Nilitegemea kugombezwa. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Habari hairushwi kama jiwe," alisema. "Mtu huketishwa kwanza. Unamwambia amani, ajue kwamba lolote litakalofuata, ninyi wawili mko salama pale mlipo. Hao watu wako hawataki kuambiwa amani?"

"Wanataka mabao, Ayeeyo."

"Basi wape mabao. Ni kazi yao, wanaijua." Akaokota mkeka wake, akautafuta uzi aliokuwa ameuacha. "Lakini mimi usiniletee hivyo. Kwangu uje na mpango wake, mpaka siku nitakapoingia kaburini."

Nikamwahidi. Niliona macho yake yamelegea kidogo, nikataka kumkumbatia, lakini Ayeeyo akishashika mkeka hakumbatiwi. Nikabaki nimeketi naye, nikimpa nyasi moja moja za kusukia.

Jioni hiyo Mama alinipigia pasi hijabu. Tulikuwa tumebishana rangi. Abti alitaka nyeusi kwa sababu ni ya heshima, mimi nilitaka ile ya kijani kwa sababu ni rangi ya uwanja. Mama akachagua ya kijani bila maelezo. Alipomaliza aliitandaza juu ya kitezo, akaifukiza uunsi, ubani wetu wa nyumbani, mpaka ikanukia kama bibi arusi.

"Mama, watanisikia harufu kabla sijafika."

"Wakusikie."

Akaikunja taratibu. Kisha akasema, akiwa bado ananipa mgongo: "Ukipata hiyo kazi utakuwa unazunguka viwanja na mabasi, nami sitapata usingizi. Ukikosa, nitakuona umekaa Rhamu na ule uso wako, nami sitapata usingizi. Basi pata tu."

Ndiyo baraka niliyosafiri nayo.

Kuhusu mahojiano yenyewe sikumbuki mengi kama mnavyodhani. Nakumbuka chumba chenye baridi ya mashine, meza ndefu, na watu watatu: yule mwanamke wa simu, mwanamume mnene aliyekuwa mhariri wa michezo, na kijana aliyeshughulika na kompyuta. Walinionyesha dakika za lala salama za mechi moja ya mashinani, timu mbili nisizozijua. Wageni walifunga kwa kona dakika ya mwisho, wakashinda mbili kwa moja. Mhariri akabonyeza saa kwenye simu yake, akaniambia dakika moja, anza.

Kichwani nilikuwa nayo sentensi. Nilikuwa nimeirudia tangu Garissa mpaka Thika: wageni wameshinda, wageni wameshinda. Nikafungua mdomo, nikavuta pumzi, na kwa sauti kubwa, safi, isiyo na wasiwasi hata kidogo, nikasema:

"Ni amani."

Kijana wa kompyuta aliinua kichwa. Niliiona friji ya Rhamu mbele yangu, inanguruma.

"...na wageni wameshinda mabao mawili kwa moja," nikaendelea, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Kona, kichwa cha beki aliyekuwa anachechemea, kipa wa nyumbani aliyebaki amepiga magoti, mashabiki walioondoka bila kurusha hata chupa. Nilimaliza saa ikiwa bado inahesabu.

Mhariri alinitazama. "Kwani ulitarajia vita?"

"Kwa soka ya mashinani, bwana, mimi hutarajia kila kitu. Kwetu kwanza tunauliza kama mechi imeisha salama, ndipo tuulize imeisha vipi."

Yule mwanamke alicheka. Mhariri hakucheka, aliandika kitu. Ningetoa hata mkono wangu nijue alichoandika. Wakanishukuru, wakasema watanipigia, na sote tunajua hayo ni maneno gani.

Walinipigia kesho yake. Nilikuwa narudi, basi limesimama kwenye kizuizi cha polisi kabla ya daraja la Tana, abiria tumeshuka tumepanga foleni vitambulisho mkononi kama kawaida yetu. Ni yule yule mwanamke wa shati la pasi. Alisema maneno mengi, mimi nikasikia manne: kazi ni yako, karibu. Nikasimama pale katikati ya foleni, machozi yananitiririka, kitambulisho nimekishika kichwa chini. Askari akakichukua, akanitazama mimi na picha.

"Kuna nini, dada?"

"Amani, afande," nikasema. "Amani kabisa."

Simu kutoka kwa Abti iliita kabla sijapanda basi. Ikaita tena, na tena. Nikamjibu tu kwamba niko darajani, nikaikata kabla sauti yangu haijanisaliti. Sikutaka habari ile ipite kwenye simu. Nilikuwa nimeahidi kuileta kwa mpango wake, nami nilikuwa naibeba kama mtu anayebeba mayai, mikono miwili.

Nyumbani walikuwa wameketi wote, hata jirani wa presha. Abti alikuwa amevaa koti la arusi. Mama alikuwa ameinamia sufuria ya chai akikoroga, na aliendelea kukoroga hata niliposalimu. Nikavua viatu, nikaketi mbele ya Ayeeyo. Uso wangu niliufunga kama duka siku ya Ijumaa.

"Amani?" akauliza.

"Amani, Ayeeyo."

"Mvua?"

"Nairobi manyunyu. Njiani, pale Mwingi, mawingu tu. Huku hakuna kitu."

"Malisho?"

"Majani yamekauka. Ile miti ya miiba, mathenge, peke yake ndiyo ya kijani, hiyo haifi."

Abti alianza kutafuna kidole. Jirani alishika kifua chake mapema, asije akakutwa ghafla.

"Mifugo?"

"Niliona ngamia upande wa pili wa daraja. Wana nundu bado. Mmoja ana ndama."

"Mashallah. Na watu?"

"Watu wazuri, Ayeeyo. Walinipa kiti, wakanipa chai. Chai yao haina tangawizi wala hiliki, wanaweka maziwa kidogo juu kama dawa ya macho, na kikombe chenyewe—"

Mkeka ulimtoka mkononi. Hakuuokota.

"Waache na chai yao," Ayeeyo alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Nani alishinda?"

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiruka kitu. Mama aliacha kukoroga. Njia nzima kutoka darajani nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumalizia, lakini yote yalinipotea pale kwenye mkeka, likabaki moja.

"Sisi," nikasema.